Kiraka cha Madigadi ya Kushoto

Kama kuna binadamu aliyezaliwa akiwa na ugomvi na kutu, basi ni Fundi Kioo. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika hata na majirani. Hili la Kioo alipewa na wateja, kwa sababu gari likitoka mkononi mwake unaweza kujinyolea ndevu kwenye boneti. Na si maneno tu. Kuna dereva wa lori la mchanga aliyejinyoa kweli, asubuhi kweupe, mbele ya karakana, povu shavuni, watu wamejazana wanapiga makofi. Fundi Kioo alisimama pembeni kajishika kiuno, anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Mchana ule hakula. Alikuwa ameshiba sifa.

Sasa, sifa si mbaya, lakini yule bwana alizidi. Hakuwa na uwezo wa kuona kitu kikuukuu akakipita salama. Sufuria za nyumbani kwake zilisuguliwa mpaka zikawa nyepesi kama karatasi. Friji ilianza nyeupe, ikawa nyekundu, ikawa ya buluu, na wageni waliokaa muda bila kuja walidhani familia ile ina pesa za kununua friji kila mwaka. Geti la jirani alilipiga rangi jirani akiwa safarini. Jirani aliporudi alilipita geti lake mwenyewe, akaenda mpaka mwisho wa mtaa akiuliza watu nyumba yake imehamia wapi. Ukimlaumu Kioo, jibu analo mfukoni: "Kipya kinyemi, ingawa kidonda!" Kisha anakuangalia viatu, na wewe unaficha miguu chini ya kiti.

Hata mke alimpata kwa tabia hiyo hiyo. Siku aliyokwenda na wazee wake kujitambulisha ukweni, wazee waliingia ndani, bwana harusi mtarajiwa akabaki mlangoni. Rangi ya mlango ilikuwa imeumuka na kuchanika, na yeye akaanza kuibandua kwa kucha, kidogo tu, halafu kidogo tena. Baba wa binti, mtu mrefu asiyependa maneno, akatoka kumtafuta. Alimkuta na magamba ya rangi mpaka kwenye kola ya suti.

"Wewe ndiye muoaji au fundi?" akauliza.

"Vyote viwili, baba."

"Basi maliza mlango kwanza."

Kioo alikimbia kuchukua msasa. Alikimbia kweli, na suti yake, na wazee wake wakamuona dirishani akikata kona, wakadhani kijana amekataliwa. Binti mwenyewe alicheka mpaka akalala kwenye kochi. Akasema huyu huyu, mwingine wa nini?

Binti huyo ni mwalimu wa udereva, na mji mzima unamwita Mwalimu, hata mumewe. Kazi ile imemuingia kwenye damu. Usingizini anakanyaga breki, na shuka zinajua. Mume akinywa chai kwa pupa anaambiwa, "Punguza mwendo, kuna kona." Siku akifurahi anamwita mumewe Kioo. Siku akikasirika anamwita Bwana Fundi, na hapo hata paka anatoka nje.

Basi, baba yake Mwalimu alipofariki, gari lake likaja kwa binti. Lilikuwa gari dogo la milango minne, la kijani kilichopauka, taa za mbele mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuliwa, na mzee alilinunua jipya Mwalimu akiwa mtoto wa kubebwa. Lilikuwa limelala bandani kwa muda mrefu. Shemeji yake Kioo, mdogo wake Mwalimu, ambaye ni makanika, ndiye aliyelivuta kwa kamba mpaka karakana ya Kioo. Kioo alipoliona alitoa sauti kama ya mtu aliyeletewa sinia la nyama. Akaanza kulizunguka, viganja vinamwasha.

"Nalivua lote," akasema. "Milango naitoa, vioo navitoa, viti natupa. Nasugua mpaka bati. Mwalimu, ukiliona tena hutalijua!"

"Ndiyo ninachoogopa," akasema Mwalimu. "Mikono nyuma."

Kioo akaweka mikono nyuma, kama mwanafunzi.

Kumbe Mwalimu alikuwa na mpango wake. Chama cha wenye magari ya kale kilikuwa kinaandaa maonyesho kwenye uwanja wa shule, na yeye alitaka gari la baba yake lisimame pale, lionekane, watu wajue mzee alikuwa mtu wa kutunza. Alikuwa ameshamwalika mwenyekiti wa chama aje kulitazama. Mwenyekiti alikuwa mama mstaafu, mfupi, mkavu, ana tochi kubwa kuliko mkono wake. Alilala chini ya gari na gauni lake zuri, akatoka na vumbi kichwani na tabasamu mpaka masikioni.

"Msiliguse!" akasema. "Hili ni la kuhifadhi."

"Kuhifadhi ndiyo nini?" Kioo akauliza, kwa sauti ya mtu anayesikia habari za msiba.

"Kuna kukarabati na kuna kuhifadhi, fundi. Kukarabati unalivua gari mpaka mifupa. Unaziba, unapaka, unashona viti upya, linarudi kama siku lilipotoka kiwandani. Ni kazi ya heshima, na uwanjani tuna safu yake. Kuhifadhi ni kulizuia lisiharibike zaidi ya hapo lilipofika. Unaosha, unazuia kutu, unabadilisha kile kinachoweza kuua mtu, breki, tairi, mipira ya mafuta. Kilichobaki unakiacha na uzee wake. Hii rangi ya kwanza ikishabanduka, hakuna duka linaloiuza."

Shemeji akapangusa mikono kwenye suruali. "Kwa hiyo kuhifadhi ni kumkogesha bibi na kumpa dawa zake. Kukarabati ni kumvalisha bibi shela aolewe upya."

Wote wakaangua kicheko, ila mmoja.

"Na bibi akiolewa upya kuna ubaya gani?" Kioo akasema, amenuna.

Hapo ndipo Mwalimu alipomtazama mumewe machoni. Hakupandisha sauti. Akamwambia, "Mume wangu, hili ndilo nililobakiwa nalo la baba. Nalitaka kama alivyoliacha. Niapie hutalipiga msasa." Kioo akaapa. Aliapa kwa kazi yake, kwa macho yake, kwa kompresa yake ya kupulizia rangi, na akakabidhi misasa yote ya karakana, mikavu na ya maji. Mwalimu akaifungia kwenye buti la gari lake la kufundishia.

Jamani, mazoea yana taabu! Siku za mwanzo ungemhurumia. Shemeji anahangaika na breki na kabureta, na Kioo kapewa kitambaa laini na sabuni ya mtoto mchanga, aoshe. Anaosha huku analia moyoni. Akikuta kovu anaguna. Akikuta kutu anaitia mafuta kwa pamba, polepole, anaizuia isitembee, anaiacha pale pale ilipo, halafu anatoka nje kupumua. Alipozidiwa alichukua jiwe, akasugua mpini wa sururu mpaka ukang'aa kama fimbo ya chifu. Shemeji akaficha sururu nyingine.

Lakini mkono ukizoea kitu, na moyo unafuata. Ile sabuni ilipoanza kutoa vumbi, kijani cha zamani kikachungulia. Hakikuwa kijani cha kung'aa, ni kile cha ndani, kimekolea kwenye kona za milango ambako jua halikufika. Kioo akainama. Akagundua kwamba rangi ya zamani ina unene wake, na namna yake ya kupasuka, nyufa ndogo ndogo, zote zimeelekea upande mmoja. Akaita shemeji aje aone. Kesho yake akaita wateja. Baada ya wiki hakuna aliyekuja karakana akaondoka bila kuhutubiwa. "Rangi ya kiwandani hiyo!" anapiga kelele. "Hapana, usiguse! Unaona? Kiwandani! Mkono wa mtu umepita hapa kabla wewe hujazaliwa!" Mtu kaja kuzibiwa bampa, anaondoka anajua kemia. Mwalimu aliporudi jioni na kumkuta mumewe anamfukuza nzi juu ya paa la gari kwa sababu anachafua historia, alicheka mpaka akamkumbatia shingoni. Alimwita Kioo mara nyingi siku ile.

Na hapo, penye raha ndipo balaa linapopiga hodi.

Kwenye madigadi ya nyuma, lile bati la juu ya tairi, upande wa kushoto, palikuwa na kiraka cha rangi. Ukubwa wake kama sahani. Kijani chake kilikuwa kingine kabisa, kizito, cha rangi ya mafuta ile ya kupaka nyumba, na kilipakwa kwa brashi, tena na mtu asiyewahi kushika brashi tangu azaliwe. Michirizi imeteremka mpaka chini. Nywele za brashi zimegandia ndani. Kioo alikiona tangu siku ya kwanza na kikamchoma, lakini wakati ule kila kitu kilikuwa kinamchoma. Sasa alikitazama kwa macho mapya, macho ya mtaalamu wa kuhifadhi.

"Hii," akajiambia, "si rangi ya kiwandani."

Umeona mambo hayo? Mtu alikuwa ameshafundishika kabisa! Akapiga hesabu yake: tunahifadhi rangi ya asili, hiki kiraka kimekaa juu ya rangi ya asili, kwa hiyo kukitoa ni kuhifadhi. Akaona mkewe atakavyoshangaa, Mwenyekiti atakavyoleta tochi. Angeuliza! Mdomo haulipiwi kodi. Lakini mtu anayetaka kumfurahisha mkewe haulizi, anataka aone uso ule ukifunguka wenyewe. Na kiapo chake kilikuwa cha msasa. Thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, haikutajwa.

Basi Mwalimu akiwa kazini na shemeji amekwenda kutafuta mpira wa breki, Kioo akachukua pamba, akachovya thina, akaanza. Alifanya kwa adabu, kama mtu anayemsafisha mtoto jicho. Rangi ya nyumba ikalainika, ikakunjamana, ikatoka. Nywele za brashi zikatoka. Akawa anaimba. Akafuta kwa mara ya mwisho, akasogeza uso aione ile rangi ya kiwandani ikimchekea.

Bati tupu. Bati, na mkwaruzo mrefu katikati yake, na kibonyeo. Chini ya kiraka hapakuwa na rangi yoyote ya kuhifadhi.

Shemeji akaingia na mpira wake wa breki. Akaona ile pamba ya kijani mkononi mwa Kioo. Akaona bati. Akakaa juu ya tairi.

"Shemeji," akasema taratibu, "una ndugu mji mwingine?"

"Kwa nini?"

"Twende tukahamie huko kabla dada hajarudi."

Hawakuhama. Mwalimu alirudi jua likiwa bado juu, na Kioo alikuwa amesimama pale pale, hajui mikono aiweke wapi. Mwalimu akapita kwa mbele, akapita kwa nyuma, akasimama. Akapiga magoti. Akaweka kiganja chake juu ya lile bati.

"Haikuwa ya kiwandani," Kioo akasema.

"Ilikuwa yangu," akasema Mwalimu.

Akamweleza akiwa bado amepiga magoti, na mgongo wake kampa. Alikuwa na miaka kumi na sita, baba anamfundisha kuendesha. Akarudi nyuma vibaya, akalikwaruza gari kwenye nguzo ya geti mpaka bati, gari ambalo mzee alikuwa analifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe. Aliteremka akisubiri kofi. Mzee alitazama, akaingia ndani, akatoka na kopo la rangi iliyobaki ya madirisha, na brashi. Akampa yeye. "Nikawa nalia napaka, nalia napaka. Nilipomaliza akazunguka akaketi upande wa abiria, akaniambia, haya, tuendelee na somo. Alikuwa na uwezo wa kulipeleka kwa fundi, tena wewe ulipokuja ndiyo kabisa angekupa wewe. Mama alikuwa akimuuliza kila mwaka. Alikuwa anamjibu, pale pameshafanyiwa kazi."

Shemeji aligeuka akajifanya anatafuta spana.

Mwalimu akanyanyuka, akafungua buti la gari la kufundishia, akatoa misasa yote, akaiweka juu ya meza ya kazi. "Haya. Lipige rangi, Bwana Fundi. Lote. Limeshakuwa gari tu. Ling'arishe upendavyo, tutalipeleka kwenye safu ya yaliyokarabatiwa." Akaondoka kwa miguu, gari lake akaliacha.

Majuto ni mjukuu, nao wajukuu wa Kioo usiku ule walikuja wote. Nyumbani mke alimwekea chakula, akamwambia karibu, na adabu ile ilimuuma kuliko matusi. Asubuhi akaenda karakana. Shemeji alimkuta ameshaziba vioo kwa magazeti, ameshachanganya rangi, kompresa inanguruma. Kijani alichochanganya kilikuwa kitamu, nikwambie ukweli. Kile ndicho alichokuwa anakiota tangu gari lilipovutwa kwa kamba. Na ruhusa kapewa, tena na mwenye gari, kwa mdomo wake!

"Si ndiyo ulichotaka?" shemeji akasema.

"Ndiyo," akasema Kioo. Akachukua msasa, akaanzia mlango wa dereva, juu, pale dirisha linapozama.

Mkono ukakwama. Pale juu ya mlango rangi ilikuwa imelika, imekuwa laini kama shavu, na katikati bati linachungulia. Hapakuwa na kutu wala hapakugongwa. Kioo akaweka kiwiko chake. Kikakaa sawasawa, kama kimepimiwa. Mkwewe alikuwa akiendesha hivyo, kiwiko nje, na wakikutana barabarani hasemi kitu, ananyanyua vidole viwili tu bila kuutoa mkono mlangoni. Miaka yote ile Kioo aliona ile salamu kuwa ndogo. Alijihisi mkwe mwenye kupunjwa. Sasa alikaa pale na kiwiko chake ndani ya kiwiko cha mzee, kompresa inapiga kelele, na machozi yanamtoka yenyewe, wala hakuyazuia.

Akazima kompresa.

"Umeme umekatika?" shemeji akauliza kutoka chini ya gari.

"Nimekatika mimi. Toka huko, nisaidie kubandua magazeti."

Alikwenda nyumbani na ovaroli lake, jambo ambalo kwa kawaida lingemletea kesi. Mwalimu alikuwa jikoni anakata vitunguu, hakugeuka.

"Sipigi," akasema Kioo.

Kisu kikasimama. "Wewe? Hupigi rangi? Unaumwa?"

"Nimeshamfuta baba yako mahali pamoja, Mwalimu. Sitaki nimfute gari zima. Yumo kwenye mlango. Yumo kwenye pedali, ameikanyaga mpaka imelika upande. Yumo kila mahali, nami nilikuwa namuosha kwa sabuni ya mtoto sijui nani ninayemuosha."

"Na kiraka changu?"

"Ukitaka ukweli, naweza kukirudisha. Rangi ile ya madirisha naichanganya nikiwa nimefumba macho. Michirizi naiweka. Nywele za brashi naziweka. Mwenyekiti na tochi yake hatajua."

"Mimi nitajua."

"Na mimi nitajua. Ndiyo maana sitakiweka." Akavuta pumzi. "Nitapaka nta nyeupe tu, pasiliwe na kutu. Pabaki bati. Twende nalo hivyo kwenye safu yetu ya yaliyohifadhiwa."

Mwalimu akageuka sasa. Vitunguu vilikuwa vimemfanya macho mekundu, kama ni vitunguu. "Watakuja wateja wako wote pale, Kioo. Watakucheka mpaka uzeeni."

Hilo Kioo alikuwa analijua. Jina lake lote lilikuwa limejengwa juu ya kutoacha alama. "Wacheke," akasema. Na kwa kuwa alikuwa ameitwa Kioo, hata njaa ikamrudia, akaomba chakula, akala ovaroli mwilini na hakuna aliyemshtaki.

Siku ya maonyesho! Uwanja ulikuwa umepambwa, honi zinalia za kila sauti, watoto wanakimbizana kati ya magari, wazee wanaulizana habari za mashine kama wanaulizana habari za wake zao wa kwanza. Mwalimu aliingia akiendesha, mgongo wima, gari linakohoa kidogo halafu linanyooka, na watu wakashangilia zile taa zilizoshtuka. Kijana wa kupanga magari akawaonyesha nafasi yao, mwisho wa safu, ubavu wa kushoto umeelekea ukuta. Yaani nafasi ya bahati! Madigadi ile isingeonekana hata na kunguru.

Shemeji akamkonyeza Kioo. "Mungu anakupenda, shemeji."

Kioo akautazama ukuta. Akatazama umati: hapo wateja wake, pale wateja wake, na katikati ya safu ya pili gari jekundu alilolikarabati yeye mwenyewe, linawaka kama moto, mwenye nalo kasimama pembeni kifua mbele. Akajikuna shingo. Kisha akaenda dirishani kwa mkewe.

"Geuza," akasema.

"Nini?"

"Ligeuze, Mwalimu. Kushoto kuwe nje."

Mwalimu alimtazama kidogo, halafu akatia gia ya nyuma. Aligeuza kwa mizunguko ya mwalimu, taratibu, bila kugusa kitu.

Haikuchukua muda. Yule mwenye gari jekundu akaja na kundi lake, anawaonyesha magari kama ni yake yote. Akafika kwenye madigadi, akarudi nyuma kama kaumwa na siafu. "Lo, lo, lo! Tazameni uharibifu! Gari zuri hivi, mtu kalikwangua bati likabaki uchi! Fundi gani huyu? Huyu ningemnyang'anya mikono!" Na kicheko kikapanda, watu wakasogea, Mwenyekiti naye akaja na tochi yake ingawa jua lilikuwa kali.

Mwalimu akafungua mlango haraka, akashuka. "Ni mimi," akasema kwa nguvu. "Niligonga nguzo ya geti nikiwa najifunza, basi ndiyo hivyo, lilibaki..."

"Hapana," akasema Kioo. Alijipenyeza mpaka mbele. Masikio yalikuwa yanamuwaka. "Kukwaruza alikwaruza yeye. Akapaka yeye, na baba yake akakitunza kiraka hicho mpaka anakufa. Aliyekifuta ni mimi."

"Wewe?" Mwenye gari jekundu alimtazama, akalitazama gari lake kule mbali, akamtazama tena. "Wewe Kioo?"

"Mimi Kioo. Kwa thina na pamba. Nilidhani nahifadhi!"

Wacha wee! Uwanja uliripuka. Shemeji alicheka akishikilia bampa. Mwenye gari jekundu alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mwenyekiti alizima tochi yake, akafuta macho, akasema katika miaka yake yote hajawahi kuona fundi rangi akijishtaki mwenyewe hadharani. Na Kioo, aliyedhani aibu ile itamuua, akagundua kwamba hakufa. Basi akaachia! Akaanza kuwasimulia wote waliokuja, kwa mikono na miguu: nguzo hii hapa, binti analia, mzee na kopo, kisha mimi huyu na pamba yangu, naimba! Waliosikia waliita wengine. Safu ya magari yanayong'aa ikapungukiwa watu, na kila aliyefika aliinama kuliangalia lile bati, halafu akaonyeshwa na mlango wa dereva, pale juu.

Jua lilipoanza kupoa, shemeji akatoa simu awapige picha. Wengine wote walipigwa mbele ya magari yao, kwenye taa. Mwalimu alimshika mumewe mkono, akamzungusha nyuma, wakasimama kila mmoja upande wake wa madigadi ya kushoto. Palikuwa na vumbi la uwanja limetua juu ya bati, na alama za vidole vya watu. Kioo akatoa kitambaa mfukoni, akainama apanguse.

"Acha," akasema Mwalimu.

Kioo akaacha.